Jirani yangu Mhindi amefungiwa ndani, na mama mkwe wake anaongea Kiswahili. Nimkalishe chini tuongee?

#1 Nesi wa Usiku

Habari zenu wadau. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Nipo Uingereza mwaka wa tisa sasa, nalea wazee zamu ya usiku. Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, mtu akikohoa upande wa pili unasikia. Majirani zangu ni Wahindi wa Gujarat, lakini bibi wa nyumba ile ni mtu wa kwetu. Amezaliwa Uganda, baba yake alikuwa na duka, na mwaka 1972 Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke, alifika huku na sanduku moja akiwa na miaka 19. Wote humwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, nami namwita hivyo. Kiswahili chake ni kile cha dukani na jikoni. Nikirudi asubuhi namkuta mlangoni: "Dada, umechoka? Chai iko." Nilipofiwa na mama yangu, huyu bibi alikaa kwenye kochi langu siku tatu, ananikandia chapati.

Kwa hiyo nampenda. Ndiyo maana naandika.

Tatizo ni mkamwana wake. Aliletwa majira ya baridi ya mwaka juzi kutoka Gujarat, ameolewa na kijana wa mwisho. Ba alinionyesha picha za harusi, binti ana dhahabu mpaka viwikoni. Leo mikono mitupu, hata bangili ya kioo hana. Anapikia watu saba. Hatoki peke yake ila kutoa taka na kwenda duka la dawa kuchukua vidonge vya Ba. Simu yake mwenyewe sijawahi kuiona. Usiku nisipokuwa kazini nasikia kishindo, kisha kimya, na kile kimya ndicho kinachoninyima usingizi.

Wiki iliyopita nimerudi alfajiri, yuko nje na pipa. Akanishika mkono wa koti. Kiingereza hana, nami Kigujarati sina. Akasema neno moja tu, analolisikia Ba akiniita mimi: "Dada." Nimekuja kujua baadaye kwamba kwao dada ni babu, lakini alijua analotaka kusema. Akashusha ushungi, shingoni kuna alama za vidole. Akachora mstatili hewani, akasema "pasipoti", akazungusha mkono kama mtu anayefunga kufuli. Halafu akasema "Diwali", ile sikukuu yao ya taa, na "India." Akatikisa kichwa, machozi yanamtoka, taa ya ndani ikawaka, akarudi mbio.

Nimewaza nimkalishe Ba chini, tuongee Kiswahili, kama mtoto wake. Kwetu mambo haya yanamalizwa na wakubwa. Naomba ushauri kabla sijafanya lolote.

*Nimehariri: nimeondoa mji, mtaa na siku kwa ushauri wa #4, na mambo fulani ya familia nimeyabadili wasijulikane.*

#2 Njia Panda

Pole dada, ila usiingilie ndoa za watu. Wahindi wana mila zao na wazee wao. Kesho polisi wakija utaitwa shahidi, wewe mwenyewe upo kwa viza. Waachie wenyewe.

#3 Shangazi Tatu

Njia Panda, alama za vidole shingoni si mila ya mtu yeyote. Binti kamshika mtu wa pekee aliyeweza kumshika. Unataka amwambie nini, "rudi ndani, hayanihusu"?

#4 Bi Mshauri

Mleta uzi, kwanza hariri bandiko lako sasa hivi. Toa mji, toa mtaa, toa siku ya taka. Uzi huu unasomwa na watu wanaojua Kiswahili, na umetuambia wenyewe kwamba ndani ya nyumba ile kuna anayekijua.

Pili, usizungumze na Ba. Najua unampenda na najua ulikolelewa. Mimi ni wa Tanga, kwetu pia hakuna ugomvi usioitishiwa kikao. Lakini nimefanya kazi na kinamama wa aina hii huku miaka kumi na moja, na mara nyingi mno kikao ndicho kilichomponza mwanamke. Ukimwambia Ba, hata kwa upole, jioni hiyo hiyo mwanawe atajua kwamba mkewe ameongea na watu wa nje. Duka la dawa litakwisha. Pipa atalitoa mtu mwingine. Na ile safari ya Diwali itafanywa mapema zaidi.

Safari hiyo ndiyo inayonitisha kuliko kipigo. Mwanamke anaambiwa "twende tukasalimie nyumbani", anafurahi, anabeba zawadi. Wakifika anaachwa kwa wazazi wake au kwa wakwe, mume anapanda ndege peke yake na pasipoti zote mbili mfukoni. Baadaye unakuja ujumbe wa simu kwamba ndoa imekwisha. Kama kuna mtoto aliyezaliwa huku, mara nyingi mtoto anarudi na baba. Huku tunakuita kutelekezwa ng'ambo, na tangu 2017 hata maelekezo ya mahakama za familia za England na Wales yanautaja kwa jina kama unyanyasaji wa nyumbani.

Tatu, mambo ya sheria. Nayasema kwa ujumla tu. Ushauri wa uhamiaji wa mtu mmoja mmoja hutolewa na waliosajiliwa, na anayeutoa bila usajili anavunja sheria, kwa hiyo yeyote atakayekuja inbox na "nina wakili wangu wa bei nafuu" mkatae.

Binti wa namna hii kwa kawaida ana viza ya ndoa. Anayeingia kutoka nje hupewa miezi 33, na viza ina sharti kwamba hana haki ya fedha za umma: hana posho, hana nyumba ya halmashauri. Sharti hilo ndilo kamba. Mume anamwambia kila siku, "Ukitoka hapa utalala barabarani, na nitawaandikia Home Office, watu wa uhamiaji, wakurudishe." Nusu ni uongo. Mume hawezi kufuta viza ya mkewe. Anaweza kuripoti kwamba ndoa imevunjika, na Home Office wakaikatisha, kwa hiyo haraka inahitajika. Lakini sheria imemwekea mwanamke mlango.

Mlango huo haukuwepo zamani. Ulianza kama hisani ya serikali mwaka 1999, ukaingia kwenye kanuni za uhamiaji mwaka 2002: mwenye viza ya ndoa ambaye ndoa imevunjika kwa sababu ya unyanyasaji anaweza kuomba ukaazi wa kudumu kwa jina lake, bila saini ya mume. Tabu ikabaki moja, atakula nini akisubiri jibu? Hilo lilianza kupatiwa dawa kwa majaribio mwaka 2009, likathibitishwa Aprili 2012. Leo, akiomba nafuu hiyo, anapewa ruhusa ya miezi 3 inayomfungulia posho na makazi, na ndani ya miezi hiyo anapeleka ombi la ukaazi. Asiye na kitu husamehewa ada.

Ila kuna mtego: ruhusa ya miezi 3 ikitoka, viza ya awali inakwisha. Kwa aliyeingia kwa viza ya ndoa ya raia au mkaazi, ni sawa, mbele kuna njia. Kwa mke wa mwanafunzi au wa mfanyakazi mwenye viza ya kazi ni hatari. Tangu Februari 2024 hao nao wanaweza kuomba ile miezi 3, lakini baada yake hawana njia ya ukaazi wa kudumu. Hapo lazima akae na wakili kwanza.

Na unyanyasaji si ngumi tu. Kumnyima mtu pesa, simu, kumfungia, kumtisha kwa viza, vyote vimo katika sheria ya unyanyasaji wa nyumbani ya 2021. Na si lazima awe mume. Mama mkwe naye anahesabika, shemeji naye.

#5 Nesi wa Usiku

Nimehariri. Asante. Mikono inatetemeka. Kumbe ningeenda kwa Ba kesho yake asubuhi.

Sasa nifanyeje? Sina lugha ya kumwambia haya.

#6 Ganjoni

Hamjambo wote. Mie ni Mhindi wa Mombasa, nimezaliwa Ganjoni, nimesomea kuko huko, na Kiswahili ndicho nilichochezea nje nikiwa mdogo. Nimesoma uzi huu mara mbili nikashindwa kunyamaza.

Niliolewa nikaletwa London mwanzo wa miaka ya tisini. Wakati huo sheria ilitaka mke akae mwaka mmoja kwenye ndoa ndipo apate karatasi yake. Mwaka mmoja. Baadaye wakaufanya miwili mwaka 2003, na tangu 2012 ni mitano. Kila serikali inayosema inapambana na ndoa za uongo huongeza urefu wa kamba, na kamba yenyewe huwa shingoni mwa mwanamke.

Mume wangu alinipiga juma la pili. Mama yake alisimama mlangoni, akaniambia kwa Kigujarati nipunguze sauti, watu watasikia. Dhahabu yangu, niliyopewa na mamangu, aliichukua siku ya tatu, "nikuwekee, huku kuna wezi." Kwa sheria ya India dhahabu ile ni mali ya mwanamke mwenyewe, ina jina lake, *stridhan*, wala si ya mume wala ya mkwe. Mie hata sikujua. Nilihesabu siku za mwaka ule nyuma ya kalenda ya jikoni, alama ndogo ya kalamu, kwa kuwa ningetoka siku ya mia tatu na hamsini ningerudishwa Mombasa nikiwa mwanamke aliyeachwa, na wadogo zangu watatu wa kike walikuwa hawajaolewa. Hiyo ndiyo hesabu mnayotakiwa muielewe. Mtu anauliza "mbona hakutoka?" Kutoka kwangu kungefunga milango ya ndugu zangu watatu.

Nilikwenda kwa wazee wa jamii yetu. Waliniketisha vizuri, wakanipa chai, wakamwita mume wangu, wakatushika mikono wakaiunganisha. Usiku ule ndio nilivunjwa jino.

Kwa hivyo Bi Mshauri anaposema usiitishe kikao, msikilize.

Nilitoka baada ya kupata karatasi. Aliyenipokea alikuwa mwanamke wa Southall, magharibi mwa London. Kuna kundi pale, Southall Black Sisters, limeanzishwa mwaka 1979, wanawake wa Kiasia na wa Kiafrika-Karibi pamoja. Mmoja wa waliolibeba kwa miaka mingi, Pragna Patel, naye amezaliwa Kenya. Nilipoambiwa hivyo nililia, sijui kwa nini. Labda kwa kuwa kwa miezi kumi na tano nilikuwa nikiambiwa kwamba wanawake wa kwetu hawafanyi mambo kama haya.

Neno moja la mkalimani. Msimtafutie mkalimani wa mtaani kwao. Wala wa hekalu, wala mke wa daktari, wala binamu wa rafiki. Mji wa Wagujarati ni kijiji. Omba mwanamke, kwa simu, wa mji mwingine, na asiulizwe wala asitaje jina la ukoo la mtu.

#7 Kamba ya Mnazi

Ganjoni, pole sana mama. Umenirudisha Muscat. Nilifanya kazi za ndani miaka minne, pasipoti kwenye kabati la bwana, na kila nikikosea naambiwa "nitakurudisha". Mimi nilikuwa mfanyakazi na huyu ni mke, lakini mtu aliyeshikiwa pasipoti huanza kutembea kwa ncha za vidole. Nesi, ukimwona tena mtazame usoni tu, mwitikie. Mimi kuna Mpakistani mmoja muuza mboga aliyekuwa akinisalimia kila siku kwa jina langu. Hakuwahi kunifanyia jingine. Ilinitosha nisichanganyikiwe.

#8 Njia Panda

Nimesoma, na namwomba radhi mama Ganjoni kama nimemkwaza. Lakini niulize kwa nia njema: si kuna wanaotunga hadithi za kupigwa ili wapate ukaazi? Wakweli wanateseka kwa sababu yao.

#9 Bi Mshauri

Swali la haki, wengi huuliza. Ombi hilo halipiti kwa kulia. Home Office wanataka barua ya GP, yaani daktari wa mtaa, ripoti ya polisi, amri ya mahakama, barua ya nyumba salama, ujumbe wa simu, picha. Kisha wanauliza mbona hukuripoti mapema. Sasa mfikirie huyu wa kwenye uzi: GP wake ni nani, na anakwenda na nani? Mume hukaa pale pale akitafsiri. Wengi niliowahudumia walikuwa na ukweli mtupu na karatasi hata moja hawana. Nimewaona waliokataliwa wakiwa na makovu. Wa kutunga kwa miaka kumi na moja siwezi kukuambia hayupo, lakini si yeye anayejaza foleni ofisini kwangu.

Na polisi: wengi wanaogopa kuita kwa sababu polisi wanaweza kupeleka taarifa zao kwa uhamiaji. Wakati sheria ya 2021 inatungwa, wanaharakati walidai ukuta uwekwe kati ya hizo ofisi mbili. Haukuwekwa. Uingereza iliporidhia Mkataba wa Istanbul, ule wa Ulaya wa kupinga ukatili dhidi ya wanawake, mwaka 2022, ilijitoa kwenye kifungu cha 59, ambacho ndicho cha ukaazi wa wanawake wahamiaji. Nasema hivi kwa uchungu. Kila mlango uliofunguliwa, walisukuma wanawake wenyewe.

Nesi, sasa kwako. Wewe hukuombwa kumwokoa. Umeombwa umpe njia ya kusema mwenyewe, na aamue mwenyewe. Piga 0808 2000 247, ni simu ya kitaifa ya wanaonyanyaswa nyumbani, bure, saa 24, wana wakalimani. Au wapigie Southall Black Sisters moja kwa moja. Waambie kama jirani. Usimpe karatasi yenye maandishi ya Kigujarati, ikikutwa imemuua. Usimwandikie ujumbe. Ukisikia anakabwa, piga 999 bila kufikiria. Kukabwa shingo si kofi, ni alama ya mwanamke anayeweza kuuawa.

Umesema huenda duka la dawa. Maduka mengi ya dawa yana chumba cha faragha. Nikiachia hapo utaelewa.

#10 Mwana wa Edison

Naongeza ya huku Marekani. Nipo New Jersey, Wahindi ndio majirani zangu kila upande. Huku mume huja kwa viza ya kazi ya kompyuta, H-1B, mke anafuata kwa H-4. Miaka mingi mke wa H-4 hakuruhusiwa hata kufanya kazi, wahandisi na madaktari wamekaa jikoni, akaunti ya benki si yao. Tangu 2015 baadhi wanaruhusiwa, kama mume amefika hatua fulani ya kuomba ukaazi. Aliyepigwa anaweza kuomba kibali cha kazi chake mwenyewe, lakini ukaazi hakipi.

Sheria ya 1994 ya ukatili dhidi ya wanawake inamruhusu mke kujiombea ukaazi bila mume, ila mume awe raia au mwenye grini kadi, yaani mkaazi wa kudumu. Wa H-1B hahesabiki. Kinachobaki kwao ni viza ya U, ya waathirika wa uhalifu, na hizo ni 10,000 tu kwa mwaka nchi nzima, foleni ni ya miaka.

Hapa jimboni kuna Manavi, tangu 1985, shirika la kwanza nchini la wanawake wa Asia Kusini kwa jambo hili. New York kuna Sakhi tangu 1989. Mke wangu hujitolea kuwaendesha kinamama mahakamani. Anasema safari nzima hawaongei, wakifika wanamshukuru kwa kutouliza.

#11 Shangazi Tatu

Na akiwa ameshapelekwa India akaachwa? Amekwisha?

#12 Bi Mshauri

Zamani alikuwa amekwisha kwa kweli, kwa sababu ile njia ya ukaazi ilikuwa ya aliye ndani ya nchi tu. Mwanamke aliyetupwa Jalandhar au Lahore alikuwa na kosa moja, yuko upande usiofaa wa bahari. Mwaka 2022 mmoja aliyetelekezwa hivyo alishinda Mahakama Kuu, na tangu 31 Januari 2024 kanuni zinamruhusu kuomba akiwa huko huko alikoachwa.

Kabla ya kusafiri kuna mambo madogo yanayookoa. Picha ya pasipoti na viza ihifadhiwe kwa mtu mwingine. Namba moja ya simu iwe kichwani, si kwenye simu. Siku hizi viza ni ya mtandaoni, na mara nyingi mume ndiye aliyefungua akaunti kwa barua pepe yake, hilo nalo liulizwe mapema. Na akifika uwanja wa ndege hana la kufanya, kuna ushauri uliokuwa ukitolewa na shirika la Karma Nirvana kwa wasichana wanaopelekwa kuozwa kwa nguvu: ficha kijiko cha chuma ndani ya nguo ya ndani. Mashine italia. Utapelekwa chumba cha pembeni, peke yako, na ofisa. Hapo sema.

#13 Ganjoni

Na kule India asidhani hakuna kitu. Ukatili wa mume na wakwe ni jinai tangu 1983, kile kifungu cha 498A. Sheria mpya ya Julai 2024 imekibadili namba, haikukifuta. Balozi za India nazo zina fungu la kumsaidia mke wa Kihindi aliyetelekezwa na mume wa ng'ambo alipie wakili. Tabu ni kumpata mume. Anaitwa mahakamani Ludhiana naye yuko Birmingham anaoa tena.

#14 Nesi wa Usiku — MREJESHO

Nimekaa kimya siku kumi na sita kwa makusudi.

Nilipiga simu. Yule mama aliyepokea hakunipa maagizo ya sinema, aliniuliza maswali ya kawaida kabisa: anatoka saa ngapi, anakaa dakika ngapi, nani anamhesabia. Nikamwambia vidonge vya Ba ni kila mwezi, na akienda anapewa kama nusu saa kwa sababu foleni ya pale inajulikana.

Walinitumia sauti, ya mwanamke, Kigujarati, chini ya dakika moja. Nikaambiwa inasema hivi: hauko peke yako, viza si mali ya mumeo, ukitaka kuongea niko hapa, usipotaka hakuna atakayekulaumu. Nilikwenda kuongea na mfamasia mapema. Mwanamke wa makamo, hata hakuniacha nimalize, akasema chumba kipo.

Siku ilipofika nilikuwa nimesimama kwenye rafu ya dawa za mafua. Akaingia. Nikamfanyia ishara ya kichwa, mfamasia akamwita kama anayempima presha. Nikampa simu na spika ya sikioni, nikatoka. Niliona kwa kioo cha mlango mgongo wake tu. Alisikiliza mara tatu. Kisha akaongea nao dakika ishirini. Alipotoka alichukua vidonge vya Ba, akaenda zake nyumbani kupika.

Nilidhani ataondoka siku ile ile. Hapana. Siku aliichagua mwenyewe, akaenda na nguo aliyovaa. Pasipoti imebaki kabatini, nikaambiwa hilo si kizuizi. Kilichosumbua ni kitanda. Nyumba salama hulipwa kwa posho ya makazi, na asiye na haki ya posho anakataliwa na wengi kabla ruhusa haijatoka. Simu sita zilipigwa. Lipo fungu la wanawake wahamiaji lililoanza 2021 kupitia Southall Black Sisters, ndilo lililomlipia siku za kwanza.

Diwali imepita, hajapelekwa India.

#15 Kamba ya Mnazi

Nimelia kazini. Mungu amlinde, na wewe akulinde.

#16 Ganjoni

Mwanangu. Na Ba je?

#17 Nesi wa Usiku

Hilo ndilo nililokuwa nalikwepa.

Alinisubiri asubuhi ya pili, bila chai. Polisi walikuwa wameshakuja. Naandika alivyosema na Kiswahili chake vile vile (vahu ni mkamwana): "Dada, wewe najua vahu iko wapi?" Nikamwambia sijui, Ba. Ni kweli, sijui, niliomba nisiambiwe. Akanitazama sana. Akasema, "Mimi pia napigwa. Mama ya bwana yangu nafunga mimi stoo, Jinja, siku mbili. Mimi nakaa. Sote nakaa. Kwa nini yeye hapana kaa?"

Sikuwa na jibu. Nilitaka kumwambia angeweza kuwa wa mwisho kufungiwa. Sikumwambia. Nilimshika mkono, akauondoa, akaingia ndani. Tangu siku hiyo asubuhi mlango umefungwa. Nimempoteza, na nisingeweza kufanya vingine, na bado nikipita pale na chapati za dukani mkononi naumia.

#18 Njia Panda

Nilikuambia umwache. Nashukuru hukunisikiliza.

#19 Nesi wa Usiku — MREJESHO wa Januari

Nimepewa habari kwa ruhusa yake. Ruhusa ya miezi 3 imetoka, ombi la ukaazi limepelekwa, wakili ni wa msaada wa kisheria. GP ameandika barua kuhusu shingo. Anasoma Kiingereza mara tatu kwa wiki, na amepata simu. Kuhusu dhahabu, wakili amewaandikia, hawajajibu.

Anahitaji koti zito la baridi, mwili mdogo, na viatu namba 4. Alitoka na ndala. Mwenye navyo aje inbox, navipeleka kwa shirika, wao ndio watakaomfikishia. Na kama kuna anayejua duka linalouza bangili za kioo za kijani kwa bei ya kawaida, aniambie. Hizo hakuziomba yeye. Nataka kuziweka kwenye mfuko wa koti.

#20 Ganjoni

Bangili usinunue. Ninazo. Nitumie anwani ya hilo shirika.